Njiani Mwalimu Hasemi

Pale kijijini Ntobeye hata watoto walijua kwamba mwalimu Pancras akiwa na mfuko mweupe kifuani hasemi. Mfuko wenyewe aliushona mke wake, Leonsia, kwa kipande cha shuka lao la harusi. Ndani ya mfuko kulikuwa na kikasha kidogo cha rangi ya dhahabu, na ndani ya kikasha ndimo ilimokaa Ekaristi. Pancras alikuwa katekista, mwalimu wa dini, hakuwa padre. Lakini padre alikuwa mmoja na vigango, yale makanisa madogo ya vijijini, vilikuwa vingi, basi kila Jumapili baada ya misa ya alfajiri alikabidhiwa Ekaristi pale parokiani akaipeleka kwa wagonjwa na kwa walio mbali, kwa miguu, akifuata njia ya mgongo wa kilima.

Njiani alitazama chini. Ukimsalimia haitikii. Ukimwambia Tumsifu Yesu Kristo hasemi Milele amina, yeye ambaye siku nyingine angeitikia hata akiwa na kiazi mdomoni. Waliomwona kwa mbali walitoka njiani, wakatua mizigo, wakapiga magoti kwenye nyasi mpaka apite. Alifundishwa hivyo ujanani na padre mzungu, mzee aliyeianzisha parokia ile. Mzee yule alimwambia kwamba ukimbeba Mfalme huzungumzi na wapita njia, na kwamba hata kutikisa kichwa ni kuzungumza. Mzungu alishakufa, kaburi lake liko nyuma ya kanisa, lakini neno lake Pancras hakuliachia. Kuna mwaka nyuki walimwandama kutoka kwenye shamba la kahawa mpaka kwa mgonjwa. Alifika uso umeumuka kama andazi, na hakuna aliyemsikia hata kuguna.

"Jumapili ndiyo siku yangu," Leonsia alikuwa akiwaambia wanawake wenzake.

Alimngoja mahali njia inapopita kando ya migomba yao. Akapiga magoti kwa heshima zote, na pale pale kwenye magoti akamtolea ya wiki nzima. "Mbuzi umemfunga vibaya, amekula mihogo ya jirani. Na dada yako aliyekuja kusalimia amesalimia mpaka maharage ya mbegu yamekwisha, usifikiri sijaona. Pita, baba, pita na Mungu wako." Wanawake walificha vicheko kwenye khanga. Pancras alipita kama mti unaotembea.

Warundi walipovuka mpaka wakikimbia vita, vilima viligeuka bluu kwa shitingi, yale maturubai ya wakimbizi, na mikaratusi yote ikabaki visiki kwa sababu ya kuni. Halafu mpaka ukafungwa. Ndipo wakaja askari. Waliweka kambi ndogo juu ya bonde la mafunjo, pale kijito kinapotenga nchi na nchi, wakaweka kizuizi njiani na doria ya kushuka bondeni asubuhi na jioni. Walikuwa vijana wa kila pembe, na kati yao Wakatoliki hawakuwa wachache. Jeshi lina kasisi wake, walisema, lakini kasisi alikuwa mjini, mbali, na barabara ya kuja huku wakati wa mvua ilikuwa inameza magari. Luteni wao akaenda kumwomba padre wa parokia, Padre Philbert. Padre Philbert siku hizo aliishi makambini kwa wakimbizi, akizika. Alimwita Pancras, akamwambia, "Wale nao ni wako."

Pancras aliogopa askari tangu utoto. Siku ya kwanza alifika kambini na mfuko wake, akaoneshwa hema moja lililofagiliwa. Altare ilikuwa masanduku ya risasi yaliyopangwa na kufunikwa taulo jipya. Aliyepanga yote alikuwa Sajini Shomvi, Mwislamu kutoka pwani, mtu mfupi mwenye sauti ya ngoma.

Pancras alipokwisha kuiweka Ekaristi juu ya taulo, ulimi ulimrudia. Akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo afande. Naomba bunduki zibaki nje."

"Marahaba, mwalimu. Bunduki ya askari haibaki nje kama kandambili," alijibu Shomvi. "Wewe walishe, nazo zitasikiliza."

Basi wakawa wanapanga mstari na bunduki mgongoni, wanafumba macho, wanafungua vinywa kama watoto wa ndege. Pancras aliwaangalia nyuso hizo kwa karibu, moja baada ya nyingine, na hofu ikamtoka. Waliona mambo kule bondeni. Kijito kilikuwa kinaleta watu ambao hawakuwa wamekufa kwa maji. Askari ndio waliowatoa na kuwafukia, na jioni walikula ugali kwa mikono hiyo hiyo. Wengine walimwomba Pancras awaombee marehemu ambao hawakujua majina yao. Hivyo ndivyo alivyowapenda. Akawa anawachukulia ndizi, anawaandikia barua wale ambao kuandika kuliwashinda, anamkumbusha kijana mmoja wa Rombo kwamba mke si wa kutukanwa kwenye barua.

Aliyemzoea kuliko wote ni Koplo Danstan. Alikuwa mtoto wa huku huku, wa Nyakahura upande wa Biharamulo, ambako mama yake, Frida, alikuwa akiwauzia madereva wa malori mahindi ya kuchoma kando ya barabara. Danstan alikuwa na mikono mikubwa na sauti nzuri. Utotoni alihudumia altareni, kwa hiyo nyimbo zote alizijua, na ndiye aliyewaanzishia wenzake. Lakini mstari ulipopangwa yeye alibaki nyuma, ameshika nguzo ya hema. Jumapili ya kwanza Pancras alifikiri ni zamu. Baadaye akaelewa.

Siku moja baada ya ibada alimkuta jikoni anamenya ndizi. Akachuchumaa kumsaidia.

"Kuna askari mmoja namfahamu," Danstan alianza, hakuinua macho. "Alikuwa kwenye kizuizi, jioni, mvua inapiga kama mawe. Akaja mtu ng'ambo ya kijito, amebeba mtoto mabegani, na mwanamke nyuma yake ana beseni. Wakaita. Amri inasema akija mtu, mwite luteni aamue. Luteni alikuwa huku juu. Yule askari akatazama kilima, akatazama mvua. Akawaambia, subirini hapo hapo mpaka asubuhi."

"Danstan, usiniambie mimi. Mimi sina mamlaka ya kuondoa dhambi."

"Sijakuambia mimi ni nani. Asubuhi askari yule akashuka. Akakuta beseni."

Pancras aliacha kumenya. "Labda waliondoka."

"Labda." Danstan alitupa ndizi kwenye sufuria. "Mwaka mzima askari yule anasema labda. Mwalimu, niletee padre. Nikishasema kwa padre, nitapanga mstari kama watu."

"Nitamleta."

Luteni hakuweza kumpa Danstan ruhusa ya kwenda parokiani. Watu walikuwa wachache, na bondeni wenye silaha walikuwa wanavuka kuiba ng'ombe. Kwa hiyo ilikuwa ni padre aje. Pancras alimwendea Padre Philbert, akakuta yuko makambini. Akaenda tena, akamkuta kitandani na homa. Akaenda tena, akaahidiwa, halafu daraja likachukuliwa na maji. Na kila Jumapili Danstan alikuwa akimngoja kwenye visiki vya mikaratusi, pale njia ya kambini inapoachana na njia ya kushuka bondeni. Alipiga magoti, akainuka, akafuata nyuma ya Pancras na bunduki yake kama msindikizaji, akisema na mgongo wa mwalimu.

"Najua hunijibu. Mimi mwenyewe nina mama wa hivyo, ukimkosea ananuna njia nzima mpaka Lusahunga. Leo tumekula maharage, na kesho maharage. Mfalme wako hapo kifuani ananisikia, mwambie Danstan hajambo."

Wakifika kambini na Ekaristi ikitua juu ya taulo, Pancras aligeuka na kumwambia, "Bado, Danstan. Wiki hii hakuweza." Danstan alitikisa kichwa na kwenda kushika nguzo yake.

Jumapili ile mvua ilikuwa imekatika na ukungu umejaa bondeni. Baada ya misa ya alfajiri Padre Philbert alimshika Pancras bega katika sakristia. Alikuwa amekonda, kola inamzunguka shingoni.

"Leo napita kwa askari wako," alisema. "Nikitoka makambini, saa tisa nitakuwa pale. Mwambie koplo wako anisubiri."

Pancras alitaka kuruka. Alivaa mfuko wake, akatoka. Njia nzima habari ile ilimchemka kifuani pamoja na Ekaristi, na miguu ilikuwa myepesi. Leonsia alimwambia la mbuzi, hakulisikia.

Danstan alikuwa kwenye visiki, amevaa koti la mvua, mkanda wa risasi kiunoni, tayari kwa doria. Alipiga magoti kwa haraka, akainuka, akasimama katikati ya njia. Hakuwahi kufanya hivyo.

"Mwalimu, nisamehe, leo lazima nikuulize. Zamu ya doria ilikuwa ya Frednand, na Frednand ana homa, anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Luteni amenituma mimi. Nimemwambia habari ya padre. Amesema, kama padre anakuja leo nibaki, atamtafuta mwingine. Kama haji, niende. Wenzangu wako hapo chini wananingoja. Anakuja?"

Pancras alitazama viatu vya Danstan. Vilikuwa na tope la jana.

"Najua husemi. Usiseme. Tikisa kichwa tu."

Hata kutikisa kichwa ni kuzungumza. Neno la yule mzee lilikuwa limemkaa shingoni kama nira, na shingo ikakataa. Alijiambia kambi ni pale, hatua chache tu. Ataiweka Ekaristi juu ya taulo, atageuka, atasema. Danstan atamfuata nyuma kama siku zote. Alihisi anatabasamu ndani kwa habari nzuri aliyonayo. Akapita pembeni ya Danstan, bega likagusa koti la mvua.

Nyuma yake alisikia sauti ya Danstan, ya chini, isiyo na hasira.

"Angekuwa anakuja, kichwa kingetikisika. Haya mwalimu. Hata wewe umechoka na mimi."

Pancras aliongeza mwendo. Alidhani anasikia viatu nyuma yake. Alipoingia hemani na kutua Ekaristi, aligeuka mdomo ukiwa wazi tayari, na nyuma yake alikuwa amesimama Sajini Shomvi.

"Danstan yuko wapi?"

"Ameshuka doria. Si mmekutana?"

"Mwite. Afande, mtume mtu amwite. Padre anakuja saa tisa."

Shomvi alitazama bonde, ukungu umelala kama maziwa. "Doria ikishashuka haiitwi kwa kelele, mwalimu. Adui naye ana masikio. Lakini kabla ya adhuhuri watapanda. Saa tisa atakuwa hapa na tumbo limejaa. Wewe anza sala zako."

Yalikuwa maneno ya akili. Pancras akaanza. Hapakuwa na wa kuanzisha nyimbo, wakaimba kila mtu na sauti yake. Alikuwa anasoma Injili mlio wa kwanza wa risasi uliposikika, kisha mingi pamoja, kama mtu anayevunja kuni kavu. Hema likabaki tupu kabla hajafunga kitabu. Alibaki yeye na Ekaristi na mshumaa ndani ya kopo la mafuta la wakimbizi.

Walimpandisha Danstan kwa ngobyi, ile machela ya matete ambayo watu wa huku hubebea wagonjwa. Waliibeba wakulima wanne waliokuwa wakilima karibu na bonde, na askari walikuwa pembeni wakitazama nyuma. Alikuwa amepigwa risasi tumboni. Koti la mvua lilikuwa limekusanya damu kama bakuli. Pancras alikimbia, akapiga magoti, akaweka mdomo sikioni mwake.

"Danstan, padre anakuja. Anakuja leo, saa tisa. Nilikuwa najua. Danstan, nilikuwa najua."

Macho ya Danstan yalikuwa wazi yakitazama juu ya bega la Pancras, huko kwenye mawingu. Haikujulikana kama yalimwona. Pancras alianza sala ya kutubu, taratibu, kama alivyowafundisha watoto wa komunyo ya kwanza, akikata maneno ili mwenzake ayashike. Midomo ya Danstan ilicheza. Inawezekana alikuwa anafuata. Inawezekana alikuwa anaomba maji. Kabla sala haijaisha midomo ilitulia, na Shomvi akavua kofia.

Padre Philbert alifika saa tisa. Hakuchelewa. Alikuta maiti imelazwa hemani chini ya taulo la altare, akasali, akamwekea mkono. Halafu akatoka nje alikokuwa ameketi Pancras juu ya sanduku. Pancras akamweleza yote, ya visiki, ya swali, ya kichwa kisichotikisika.

Padre alisikiliza, akajifuta uso kwa kiganja.

"Sasa kwa nini hukumwambia?"

"Nilikuwa na Ekaristi, padre. Sheria."

"Sheria gani?"

"Ya kutosema njiani."

Padre Philbert aliketi kando yake. Alikuwa mtu mwema, na alikuwa amechoka, na labda kama asingechoka angesema vingine. "Hakuna sheria hiyo, Pancras. Ni heshima tu. Mzee yule alipenda ukimya. Wewe ungesema neno moja, Bwana asingekukasirikia."

Pancras alitamani sheria iwepo. Kama ingekuwepo, hata iwe kali namna gani, angeweza kuiegemea. Usiku na mchana alivyokuwa akijisifu moyoni kwa kimya chake, kumbe alikuwa analinda mazoea ya mtu aliyelala nyuma ya kanisa.

Lori la jeshi lilimpeleka Danstan kwao Nyakahura. Pancras hakupata nafasi, lilijaa askari. Jumapili zilizofuata aliendelea kubeba mfuko, na aliendelea kunyamaza, kwa sababu watu waliomwona walikuwa wamekwisha kupiga magoti, naye hakujua aanzie wapi. Leonsia aliacha kumchokoza. Alipiga magoti kwenye migomba, akamtazama akipita, akanyamaza naye.

Halafu ikaja Jumapili ambayo kwenye visiki alisimama mwanamke mgeni. Alikuwa mtu mzima, amejifunga kitenge cheusi, miguuni vumbi la safari ya lori. Karibu naye walikuwa wamepiga magoti watu wa kigango waliokuwa wanatoka misani, wakamvuta nguo ili naye apige. Hakupiga. Alikuwa na mikono mikubwa.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema.

"Mama, hajibu," mtu mmoja alinong'ona. "Amebeba Ekaristi, njiani hasemi."

"Nimepanda lori tangu jana. Mimi ni Frida wa Nyakahura. Wewe ndiye mwalimu aliyekuwa na mwanangu?"

Pancras alisimama. Alihisi kikasha kinapiga mbavu zake, au mbavu ndizo zilizokuwa zinapiga kikasha. Akainua macho.

"Milele amina, mama," alisema. "Ndiye mimi. Shikamoo."

Kwenye nyasi watu waliguna. Mzee mmoja alifanya ishara ya msalaba.

"Marahaba," alijibu Frida. "Wenzake wamekuja kuzika, wameniambia alikufa vizuri. Askari wote hufa vizuri wakisimuliwa. Mimi nataka kujua kitu kimoja. Aliniandikia kwamba anamngoja padre. Alimpata?"

"Hapana, mama."

"Padre alikataa?"

"Padre alikuwa anakuja siku ile ile. Mimi nilikuwa najua. Danstan alisimama hapo uliposimama, akaniuliza anakuja au haji. Angejua anakuja, asingeshuka. Nilikuwa na mfuko huu. Sikumjibu."

Frida hakulia. Alitazama mfuko, lile shuka lililofuliwa mpaka likawa laini, halafu akatazama njia ya bondeni, halafu uso wa Pancras. Watu waliopiga magoti walikuwa wanasikia kila neno, na hakuna aliyejua kama ainuke au abaki chini.

"Hata kichwa hukutikisa?"

"Hata kichwa."

Akakaza kitenge kiunoni kama mtu anayetaka kubeba mzigo. "Alipokuwa mdogo akiniuliza kitu nikakaa kimya, alikuwa anaacha kula," alisema. Hakuwa akimwambia mtu yeyote. Baadaye akasema, "Basi twende. Vijana wa watu wanakungoja huko."

Alitangulia mbele. Pancras akafuata nyuma yake na Ekaristi, na mpaka kambini yule mama hakugeuka, wala hakusema neno.